Namna ya Kuipima Shule Ndogo ya Kijijini

Mazungumzo kwa wazazi wenye watoto katika shule za msingi za umma



Hakuna mtu anunuaye ng'ombe kwa kutazama pembe peke yake. Mnunuzi humzunguka mnyama, humfungua kinywa ayaone meno, humpapasa mbavu, humtazama akitembea, kisha huuliza amezaa mara ngapi na hutoa maziwa kiasi gani. Lakini mnunuzi yuyo huyo, linapomfikia shauri la shule ya mtoto wake, aghalabu huuliza neno moja tu: "Shule ile ilipata alama ngapi?" Akiisha kujibiwa, huenda zake akidhani kwamba ameijua shule.

Jambo hili si dogo. Katika vijiji vingi vya Kenya iko shule ya umma yenye watoto mia na hamsini tu, walimu sita au saba, na darasa la mwisho lenye watoto kumi au kumi na wawili. Shule ya namna hiyo yaweza kuvunjwa na uvumi. Wastani wa alama ukishuka mwaka mmoja, wazazi wenye uwezo huwaondoa watoto wao na kuwapeleka kwenye shule ya kulipia iliyo karibu na barabara. Kila mtoto aondokaye huondoka na fungu lake la fedha za serikali, ambalo katika miaka ya 2010 lilifika shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Shule ikipoteza watoto 40 kwa kiwango hicho, imepoteza shilingi 56,800. Chaki hupungua, vitabu havifanywi upya, na mwalimu mwema huomba uhamisho. Mwishowe hubaki watoto wa wale wasioweza kulipa karo, nao ndio wenye haja kubwa zaidi ya shule njema.

Tena liko kosa la upande wa pili. Iko shule ambayo kweli ni mbaya, lakini wazee huitetea kwa sababu waliijenga kwa mikono yao wenyewe, na watoto humaliza miaka sita bila kuweza kusoma barua. Utetezi huo nao ni dhuluma kwa mtoto. Kwa hivyo yapasa shule ipimwe kwa haki: isihukumiwe kwa uvumi, wala isiponywe kwa mapenzi.

Mtihani Ulivyokuwa Kipimo

Desturi ya kuipima shule kwa mtihani haikuanza jana. Mwaka 1949 ilitolewa taarifa ya kamati iliyoongozwa na Bwana L. J. Beecher, nayo ilipendekeza elimu ya Mwafrika igawanywe katika vipindi vitatu vya miaka minne minne. Mwisho wa kila kipindi paliwekwa mtihani, na kila mtihani ulikuwa chujio. Watoto wengi walisimamishwa katika Darasa la 4, si kwa sababu hawakuweza kujifunza, ila kwa sababu nafasi za mbele zilikuwa chache. Hapo ndipo wazazi wengi walipozoea kuiona shule kama mlango, na kuuliza tu ni watoto wangapi waliopenya.

Baada ya Uhuru mitihani ilibadilishwa majina, lakini mazoea hayo hayakubadilika. Tangu mwaka 1985 mpaka mwaka 2023 watoto wa Kenya walifanya mtihani wa KCPE mwishoni mwa Darasa la 8. Magazeti yalichapa majina ya shule zilizoongoza, na wakuu wa shule walibebwa juu kwa juu kwa nyimbo, au walifukuzwa na wazazi wenye hasira. Mwishoni mwa mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuzipanga shule kwa cheo namna hiyo, lakini katika masoko na mabaraza orodha ziliendelea kusomwa.

Sasa mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2022 watoto wa Gredi ya 6 hufanya tathmini iitwayo KPSEA, nayo haikukusudiwa kumfungia mtoto mlango wa Gredi ya 7. Mzazi aliyezoea kushika tarakimu moja mkononi huona kwamba ameachwa gizani. Ukweli ni kwamba sasa hana budi kufanya kazi iliyompasa tangu mwanzo, yaani kwenda shuleni kutazama kwa macho yake.

Hesabu ya Watoto Kumi na Wawili

Kabla ya kueleza mambo ya kutazamwa, inafaa kuonyesha kwa nini wastani wa alama huidanganya jamii, na hasa katika shule ndogo.

Na uchukuliwe mfano wa shule yenye watahiniwa 12, ambao wastani wao ni alama 250 kati ya 500. Mmoja wao, ambaye kwa kawaida hupata 250, ameshikwa na malaria juma la mtihani, akapata 130. Amepoteza alama 120. Zikigawanywa kwa watoto 12, wastani wa shule nzima umeshuka alama 10. Katika shule ya mjini yenye watahiniwa 120, ugonjwa huo huo wa mtoto mmoja ungeshusha wastani kwa alama moja tu, wala hakuna ambaye angeona. Basi katika shule ndogo mbu mmoja huweza kumharibia mwalimu mkuu jina lake.

Kinyume chake pia ni kweli. Akitokea mtoto mmoja mwenye akili nyingi mno, shule ndogo hupaa juu na kusifiwa, ingawa walimu hawakubadilisha lolote. Mwaka ufuatao mtoto huyo ameondoka, shule inarudi mahali pake, na watu husema, "Walimu wamelegea." Huko Marekani wataalamu wawili, Thomas Kane na Douglas Staiger, walizichunguza shule za jimbo la North Carolina, nao walieleza katika mwaka 2002 kwamba shule ndogo huonekana kwa wingi kileleni mwa orodha na pia chini kabisa. Sababu yake si kwamba udogo huleta ubora au ubaya. Sababu ni hesabu: penye watoto wachache, bahati ya mtoto mmoja huwa na uzito mkubwa.

Tena iko hila. Katika shule ya watahiniwa 12, kumi wana wastani wa alama 270 na wawili wana alama 150 kila mmoja. Wastani wa wote ni 250. Mwalimu mkuu akiwazuia wale wawili wasifanye mtihani, au akiwalazimisha kurudia darasa, wastani unaruka mpaka 270. Shule imepanda alama 20, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno moja zaidi. Wazazi huchinja mbuzi washangilie, na watoto wawili wamekaa nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumzuia mtoto asiendelee na darasa lifuatalo, lakini sheria haiwezi kuona kila darasa. Jicho la mzazi laweza.

Mafunzo ya Uingereza na ya Busia

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza iliamua kuzilipa shule za watu wa kawaida kwa kadiri ya matokeo. Bwana aliyeuleta mpango huo aliitwa Robert Lowe. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, akamjaribu kila mtoto katika kusoma, kuandika na hesabu, na kila somo aliloshindwa mtoto lilipunguza fedha za shule shilingi 2 na peni 8. Shabaha ilikuwa njema, yaani fedha ya umma isipotee bure. Lakini walimu walifanya kama afanyavyo kila mtu ambaye chakula chake kimefungwa kwenye jambo moja. Waliwakaririsha watoto kitabu kile kile mwaka mzima, hata baadhi yao wakaweza kukitamka bila kukitazama. Mkaguzi mmoja, Matthew Arnold, ambaye pia alikuwa mshairi mashuhuri, alionya kwamba imewezekana kumpitisha mtoto katika mtihani wa kusoma naye hajui kusoma kwa kweli. Mpango huo uliondolewa katika miaka ya 1890.

Jambo kama hilo lilionekana Kenya yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Busia na Teso, shule 50 zilichaguliwa kati ya 100, na walimu wake wakaahidiwa zawadi ikiwa watoto watafanya vyema katika mitihani ya wilaya. Alama zilipanda kweli. Lakini watafiti walipotazama ndani, waliona kwamba walimu hawakuhudhuria shuleni zaidi ya kwanza, wala hawakuongeza kazi ya nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya kuwazoeza watoto maswali ya mtihani. Zawadi zilipokoma, faida nayo haikudumu. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na shule haiwi njema kwa mazoezi ya majuma ya mwisho.

Rejista Husema

Mzazi atakaye kuijua shule, kwanza na aulize habari za rejista. Watoto wangapi waliingia Gredi ya 1 miaka mitano iliyopita? Wangapi katika hao wamo katika Gredi ya 6 leo? Wengine wamehama na wazazi wao, na hilo si kosa la mtu. Lakini ikiwa waliingia 30 na wamebaki 14, wale 16 wako wapi? Wastani wa alama hauwataji, kwa kuwa asiyekuwapo hahesabiwi. Shule njema huweza kutaja kila mmoja kwa jina lake: huyu alihamia kwa bibi yake Nakuru, huyu aliugua, huyu aliachishwa masomo akachunge mbuzi na mwalimu alikwenda nyumbani kwao mara mbili. Shule mbaya hujibu kwamba watoto wa siku hizi ni watoro.

Neno hili lina uzito tangu Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi za umma. Mwaka 2002 watoto waliokuwa shuleni walikuwa kama milioni 5.9, na mwaka uliofuata walifika kama milioni 7.2. Wengi wa walioingia walikuwa wale ambao karo iliwaacha nje. Kuwaingiza ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwashika wasianguke njiani, na nusu hiyo hufanywa na shule yenyewe.

Je, Mwalimu Yumo Darasani?

Jambo la pili ni mwalimu. Watu huuliza kama mwalimu amefika shuleni, na mara nyingi amefika. Swali lililo kubwa zaidi ni kama yumo darasani. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliofanywa Kenya mwaka 2012 ulionyesha kwamba walimu wengi waliokosekana darasani walikuwamo shuleni. Walikuwa ofisini, au chini ya mti wakisahihisha, au katika shughuli za mkutano, na watoto wamekaa wanamngoja.

Mzazi asiende siku ya zawadi, wakati kila jiwe limepakwa chokaa. Na aende siku ya kawaida, Jumanne au Alhamisi, apite kwa mwalimu mkuu kwa heshima na kuomba ruhusa, kisha apite polepole mbele ya madarasa. Ahesabu madarasa yenye mwalimu na yasiyo na mwalimu. Asikilize pia sauti. Darasa ambamo sauti ya mwalimu pekee ndiyo isikikayo tangu kengele mpaka kengele si darasa zuri, hata likiwa na adabu. Mahali pa kujifunza mtoto huuliza, hujibu, hukosea, na husahihishwa bila kuchekwa wala kupigwa. Viboko vimekatazwa na sheria, na shule inayovihitaji kila siku imekiri kwamba haijui njia nyingine.

Daftari na Kitabu

Jambo la tatu liko ndani ya mkoba wa mtoto. Daftari ni shahidi asiyeweza kutoroka. Kila ukurasa una tarehe, na tarehe zikirukwa majuma mawili, kazi haikufanywa majuma mawili. Na atazame kama mwalimu amesahihisha. Alama ya tiki iliyopigwa juu ya jibu lililokosewa ni mbaya kuliko ukurasa usioguswa, kwa maana humfundisha mtoto kwamba kosa ni kweli. Tena na atazame kama mtoto alirudi akaandika masahihisho. Kisha alinganishe ukurasa wa Januari na ukurasa wa Julai. Ikiwa mwandiko, sentensi na hesabu za Julai ni zile zile za Januari, mtoto amekaa shuleni lakini hakusafiri.

Na kama madaftari ya watoto thelathini yana maneno yale yale, nukta kwa nukta, hiyo ni kazi ya mwalimu iliyonakiliwa kutoka ubaoni. Kazi ya mtoto mwenyewe hutofautiana na ya jirani yake, na makosa yake pia hutofautiana.

Juu ya vitabu vya kusomea, wazazi wasihesabu tu vimefika vingapi. Katika Busia ya miaka ya 1990 shule kadhaa zilipewa vitabu vya bure, na kila mtu alitumaini kwamba watoto wote wangeinuka. Waliofaidika ni wale waliokuwa hodari tangu awali. Wengine hawakufaidika, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza kigumu kuliko walichokijua. Kitabu humfaa awezaye kukisoma. Kwa hiyo swali ni kama mtoto anakisoma kitabu alichopewa, wala si kama kitabu kimo kabatini.

Mtoto wa Nyuma na Asome

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Mgeni akifika shuleni, huletwa mtoto aliye hodari kuliko wote, asome shairi au ahutubie kwa Kiingereza. Wote hupiga makofi. Mtoto huyo hakuonyesha ubora wa shule. Pengine angesoma vile vile hata kama shule ingefungwa, maana nyumbani kwao kuna magazeti na dada aliyemaliza sekondari. Atakaye kujua kazi ya mwalimu na amtazame mtoto aketiye nyuma, ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja.

Na apewe mtoto wa Gredi ya 3 kifungu kifupi cha Kiswahili ambacho hajapata kukiona. Kipimo kilichotumiwa katika mradi wa Tusome, ulioanza kuenea nchini mwaka 2015, kilimtaka mtoto asome kwa ufasaha maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika moja. Mzazi hana haja ya saa. Na amwache mtoto asome, kisha afunge kitabu na kumwambia, "Nisimulie ulichosoma." Akisimulia kwa maneno yake mwenyewe, amesoma. Akikariri sentensi mbili na kunyamaza, ametamka tu.

Jaribio hili si la mchezo. Kuanzia mwaka 2009 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwapa watoto kazi za kiasi cha Darasa la 2. Katika miaka ya mwanzo waliona kwamba katika Kenya, kati ya watoto kumi wa Darasa la 3, watatu tu hivi ndio walioweza kuifanya kazi ya Darasa la 2. Watoto hao walikuwa shuleni, wamevaa sare, na wazazi wao waliamini kwamba wanajifunza.

Maji, Choo na Fedha

Majengo hayafundishi, na ukuta uliopakwa rangi hauna hekima. Lakini yako mambo mawili ya majengo ambayo huonyesha kama shule inamjali mtoto. La kwanza ni choo. Kipimo cha Kenya ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30, na mlango ufungwe. Msichana mkubwa asiye na mahali pa faragha huenda akakosa siku za shule, hata pengine akaacha kabisa, na jina lake huenda likafutwa katika rejista ile iliyotajwa juu. La pili ni maji ya kunywa na ya kunawa mikono.

Fedha nazo ziwe wazi. Shule ambayo mwalimu mkuu hubandika ukutani kiasi kilichopokewa na kilivyotumika, na huulizwa maswali mkutanoni bila kukasirika, ina dalili njema.

Udongo na Mavuno

Pamoja na hayo, haki yataka shule ipimwe kwa kutazama ilipokea watoto wa namna gani. Mkulima mmoja hulima kando ya mto, katika udongo mweusi, akavuna magunia 20. Mwingine hulima kwenye kilima chenye mawe, akavuna 12. Nani aliye hodari? Huwezekana yule wa 12 ndiye hodari zaidi, kwa kuwa mtu mwingine mahali pake angevuna matano.

Ndivyo ilivyo kwa shule. Iko inayowapokea watoto waliokwisha kukaa miaka miwili au mitatu katika shule ya chekechea, waliokula asubuhi, na wazazi wao huwasaidia jioni. Iko nyingine inayowapokea watoto waliotembea kilometa tano, wanaosikia Kiswahili kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mwalimu. Kulinganisha wastani wa shule hizo mbili ni sawa na kulinganisha magunia bila kutazama shamba. Swali la haki ni hili: mtoto aliingia akijua nini, na anatoka akijua nini?

Na kwa sababu watahiniwa wa shule ndogo ni wachache, asihukumu mtu kwa mwaka mmoja. Watoto 12 kwa mwaka kwa miaka mitano ni watoto 60, na watoto 60 husema kweli zaidi kuliko 12.

Nguvu ya Udogo na Hatari Yake

Shule ndogo ina fadhila ambayo kubwa huitafuta bila kuipata. Mwalimu humjua kila mtoto kwa jina na kwa nyumba. Mtoto akikosa siku mbili, huonekana. Mwalimu mkuu hukutana na mzazi sokoni, na neno hufika bila barua.

Lakini udogo una hatari zake. Katika shule ya walimu 40, mwalimu mmoja mlevi ni balaa la watoto wachache. Katika shule ya walimu sita, yeye ni sehemu ya sita ya shule nzima. Mwalimu wa hesabu akihamishwa katikati ya mwaka na asije mwingine, madarasa matatu hukaa bila hesabu. Kwa hivyo shule ndogo huinuka upesi na huanguka upesi, na wazazi wake wanatakiwa wawe macho kuliko wazazi wa shule kubwa.

Mzazi Asiyejua Kusoma

Wako wazazi wasemao kwamba kazi hii ni ya wasomi. Sivyo. Mama asiyejua herufi hata moja huweza kuhesabu kurasa zenye wino mwekundu na kurasa zisizo nao. Huweza kumwambia mtoto amsomee maneno yaliyo juu ya mfuko wa mbegu au karatasi ya dawa ya zahanati, kisha akamuuliza jirani kama ndivyo. Huweza kumtuma dukani na noti ya shilingi mia na kumtaka aeleze chenji. Huweza kuuliza kila jioni, "Leo mwalimu alikufundisha nini?" na kusikiliza mpaka mwisho. Mtoto aulizwaye kila jioni hujua kwamba masomo yake yana mwenyewe.

Baada ya Kupima

Mzazi akiisha kupima, asikimbilie kuhama wala asinyamaze. Sheria ya mwaka 2013 imeweka Chama cha Wazazi katika kila shule ya umma, na kila mwenye mtoto hapo ni mwanachama. Mkutano wa chama hicho ndio mahali pa kusema, na kusema kwa ushahidi: si "walimu ni wavivu", bali "Jumanne iliyopita madarasa matatu kati ya sita hayakuwa na mwalimu saa nne asubuhi". Neno la kwanza huleta ugomvi, neno la pili hudai jibu. Asipojibiwa, iko Halmashauri ya Shule, na baada yake maofisa wa elimu wa kaunti. Ikiwa amesema kwa haki mara kwa mara na mtoto bado hajifunzi, kumhamisha si usaliti.

Lakini huenda akagundua jambo ambalo hakulitazamia: kwamba katika shule ile ndogo isemwayo vibaya sokoni yuko mwalimu asahihishaye kila daftari, ambaye mtoto wa nyuma kabisa darasani mwake anasoma na kusimulia. Basi na arudi sokoni aseme hivyo kwa sauti kubwa kama walivyosema wenye kulaumu. Shule hiyo imefanya kazi yake, na watoto waliobaki ndani yake wanahitaji ibaki imesimama.